Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitasema habari za njia yenyewe, reli ya Tanga hadi Moshi.

Wengi wetu tuliingia chama hiki cha wapenda reli kwa sababu ya ile Desemba ya 2019, treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, imejaa watu wanaokwenda kula Krismasi kwao. Reli hii ilianza kutandikwa Tanga mwaka 1893, enzi ya Mjerumani. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 ya jasho la watu, kisha sisi tukaiacha vichaka vikaota katikati ya mataruma na wezi wa chuma chakavu wakafungua bolti usiku. Kuifufua imefanywa na serikali. Kuijaza watu wanaoipenda ni juu yetu.

Mwaka huu tumekodi mabehewa mara mbili kwa matembezi ya Moshi hadi Mombo. Safari ya kwanza ilikwenda salama: Milima ya Upare kushoto, bonde la Pangani kulia, watoto wamening'inia madirishani hadi mashamba ya mkonge.

Ya pili mnaijua. Mzee wetu mmoja, fundi wa mabehewa aliyeanza kazi kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, alikaa kimya tangu Same. Tuliposimama Makanya akashuka, akainama karibu na gurudumu, akasogeza mgongo wa kiganja kwenye beringi bila kuigusa, kusikiliza joto lake. "Hili halifiki Mombo," akasema. Akawafuata wahusika, behewa likafunguliwa kutoka kwenye treni palepale. Tulikaa juani saa nyingi, maji yakaisha, na kina mama wenye watoto wachanga walipata tabu ambayo hawakustahili. Nawaomba radhi. Kosa ni la kamati: hatukuomba behewa likaguliwe mapema. Kuanzia sasa hakuna safari bila ukaguzi wa siku moja kabla, na wastaafu wetu wawepo.

Mzee huyo alitutoka mwezi Agosti. Nimekaa naye miaka, nimesikia habari za viberenge, vile vigari vidogo vya relini, na za usiku wa mvua kule Buiko, na sikuwahi kumrekodi hata dakika kumi. Jambo hili linaniuma kuliko hasara yoyote atakayoisoma mhazini.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja moja: ada ya mwaka ujao itangulie kwenye kuwarekodi wastaafu wa reli waliobaki, wa gangi zilizotengeneza njia, wa stesheni na wa karakana, na kila mzee apewe kijana wa kujifunza kwake. Rangi ya mabango isubiri.

Binti wa marehemu mzee wetu ametukabidhi taa ya ishara ya baba yake, yenye kioo chekundu na cha kijani. Iko hapa mezani. Bado inanuka mafuta ya taa.