Ritifaa katika majina ya shahada: kwa nini tunairekebisha kwenye wasifu wako

Wateja wengi wanaotuletea wasifu wa Kiingereza tuuchape upya hushangaa wanapoona tumeongeza au tumeondoa ritifaa, ile alama ndogo iliyomo katika neno ng'ombe, mahali ambapo wao hawakuona kosa. Hivi karibuni tulipokea wasifu ulioandikwa "Masters degree" katika ukurasa wa kwanza na "Master's of Education" katika ukurasa wa pili, huku barua ya maombi ikisema "Masters' degree". Zote tatu zina kosa, kila moja kwa namna yake.

Katika Kiswahili ritifaa hutusaidia kutamka. Katika Kiingereza huonyesha, pamoja na mengine, umiliki. "Master's degree" ni shahada ya mtu aliyefikia ngazi ya master, na kwa kuwa mtu huyo ni mmoja, ritifaa hukaa kabla ya herufi s. Hata ukiwa na shahada mbili za uzamili, utaandika "two master's degrees": wingi unaangukia neno "degrees", na ritifaa haihami. Kanuni hiyohiyo inahusu "bachelor's degree".

Jina rasmi la shahada ni jambo jingine. Katika "Master of Education" au "Bachelor of Science", neno "of" linafanya kazi ileile ya "ya" yetu, kwa hiyo ukitia na ritifaa umetaja umiliki mara mbili, sawa na anayesema "kitabu chake cha Juma". Jina rasmi huanza kwa herufi kubwa. "Master's degree" katikati ya sentensi haihitaji. "Doctorate" nayo haina ritifaa kabisa, na anayeandika wasifu kwa Kiswahili ameepukana na shida yote hii, kwani "shahada ya uzamili" haidai alama yoyote.

Ipo pia kero ya kompyuta. Ritifaa iliyopinda, ikinakiliwa kutoka kwenye waraka na kubandikwa katika baadhi ya fomu za mtandaoni, huweza kugeuka kuwa "â€™", na jina la shahada likasomeka kama fumbo. Kwa maandishi ya fomu hizo sisi hutumia ritifaa iliyonyooka.

Marekebisho haya hatuyatozi malipo ya ziada. Tunachoomba ni nakala ya cheti chenyewe, kwa kuwa jina rasmi la shahada tunalinakili kama chuo kilivyolichapa, bila kulibuni upya.