Vifurushi vya Debian vinahitaji watunzaji kutoka kwetu pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji nizungumzie kazi ambayo ofisi, shule na kampuni nyingi za hapa Afrika Mashariki huitegemea kila siku bila kuijua, nayo ni kazi ya watu wanaojitolea kutunza vifurushi vya programu katika Debian, mfumo endeshi huria, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, ambayo yeyote aweza kuitumia, kuisoma na kuibadilisha. Neno kifurushi hapa lisichanganywe na kile tunachonunua kwenye simu ili tupate intaneti. Kwa watu wa Debian, kifurushi ni programu moja iliyofungwa pamoja na maelekezo ya kuisakinisha, orodha ya programu nyingine inazozihitaji ili ifanye kazi, na jina la mtu au kikundi kinachowajibika nayo. Hilo jina ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari wilayani Same. Chumba chetu kina mashine 22, karibu zote za msaada, na zote zinaendeshwa na Debian. Niliingia katika ulimwengu huu nikiwa chuoni, kwa diski ya Ubuntu, mfumo endeshi mwingine huria, iliyonifikia kwa posta bila malipo, maana miaka ile waliokuwa wakiisambaza walimtumia diski yeyote aliyeomba. Sikujua wakati huo kwamba Ubuntu yenyewe, iliyotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, ilijengwa juu ya vifurushi vya Debian, wala kwamba Debian ilitangazwa tarehe 16 Agosti 1993 na kijana wa miaka 20, Ian Murdock, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Murdock alifariki mwaka 2015, lakini kazi aliyoianzisha haikukatika hata siku moja. Toleo la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, lina vifurushi 69,830, na wanaobeba mzigo huo ni wanachama wapatao 1,000 waliotawanyika duniani, pamoja na wasaidizi wao wengi wasio wanachama.

Sisi tuliozaliwa Upareni tunaijua msaragambo. Mfereji wa maji hausafishwi na serikali wala na mfadhili. Siku ikitangazwa, kila kaya hutoa mtu na jembe lake, na asiyefika hutozwa faini. Nilipoanza kufuatilia namna Debian inavyofanya kazi nilidhani nitakuta utaratibu wa aina hiyo, nikakuta kwamba jambo moja kubwa halimo: faini haipo. Katiba yao, iliyoanza kutumika mwaka 1998, inasema wazi kwamba hakuna kifungu chochote ndani yake kinachomlazimisha mtu kuufanyia mradi kazi. Kila mwaka wanachama humchagua kiongozi kwa kura ya kupanga wagombea kwa kufuata upendeleo, lakini kiongozi huyo hana uwezo wa kumwambia mtunzaji wa kifurushi kwamba kesho asubuhi awe amerekebisha hitilafu fulani. Kwa hiyo swali linalonishughulisha ni hili: watu wasioweza kuamrishana wamewezaje kukubaliana juu ya maelfu kwa maelfu ya programu kwa zaidi ya miaka 30?

Kwa nilivyoona, wameweza kwa sababu kila kitu kiko mbele ya macho ya watu. Hitilafu ikiripotiwa hupewa namba yake, na namba hizo sasa zimepita milioni moja, na mtu yeyote aweza kusoma nani aliripoti, mtunzaji alijibu nini, na jambo limeishia wapi. Mkataba wao na jamii, uliopitishwa mwaka 1997, unawaahidi watumiaji kwamba matatizo hayatafichwa. Kifurushi kipya hakipelekwi moja kwa moja kwa mtumiaji. Huingia kwanza katika tawi lisilo thabiti, yaani ghala la vifurushi vipya ambavyo bado havijathibitishwa, husubiri siku kati ya mbili na kumi kwa kawaida, kutegemea uharaka wake, na kisipopatwa na hitilafu nzito ndipo huhamia katika tawi la majaribio, ambalo baada ya muda mrefu wa ukaguzi huwa toleo thabiti.

Lakini utaratibu ninaouheshimu kuliko yote ni ule unaomhusu mtunzaji aliyechoka. Anazo ngazi tatu za kutangaza hali yake. Aweza kusema kwamba anahitaji msaidizi lakini bado anaendelea; aweza kusema kwamba anatafuta mtu wa kumkabidhi, na ataendelea kukishika mpaka apatikane; na aweza kusema kwamba amekiachia kabisa, kifurushi kikawa yatima chini ya uangalizi wa kikundi cha ubora mpaka ajitokeze mlezi mpya. Akinyamaza bila kusema lolote, kipo kikundi kinachomwandikia kumuuliza kama bado yupo, na wakati huohuo mwenzake anaruhusiwa kurekebisha hitilafu nzito katika kifurushi kisicho chake, mradi ampe mwenyewe taarifa na muda wa kujibu. Nimekaa katika kamati nyingi za kijiji na za shule, na sijawahi kuona kamati yenye utaratibu ulio wazi wa mtu kusema nimechoka bila kuonekana ameshindwa. Kwetu mweka hazina huondoka na daftari, na chama hufa kimyakimya.

Anayedhani kwamba uchovu wa mtunzaji mmoja ni jambo lake binafsi na akumbuke yaliyotokea Machi 2024. Programu ya xz, ambayo kazi yake ni kubana mafaili, ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja nchini Finland, kwa muda wake wa ziada. Kuanzia mwaka 2021 alijitokeza msaidizi aliyetumia jina la Jia Tan, akaleta marekebisho mazuri moja baada ya jingine, huku majina mengine yasiyojulikana yakimshinikiza mtunzaji na kumlaumu kwamba anachelewesha kazi, mpaka msaidizi huyo akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ukafichwa mlango wa siri ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuiteka seva kupitia SSH, huduma ya kuingia katika kompyuta ya mbali kwa usalama. Siri hiyo ilifichuka kwa sababu mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akifanya majaribio ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye tawi la Debian lisilo thabiti, aliona kwamba kuingia kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Hakulipuuza. Alichimba mpaka akafika kwenye chanzo, na tarehe 29 Machi akaitangazia dunia. Toleo thabiti, lile ambalo watu wengi huliweka kwenye seva zao, halikuwa limeguswa, kwa kuwa vifurushi vile vilikuwa bado vimo katika ngazi za kusubiri.

Wako waliolitumia tukio hilo kudai kwamba kilichotengenezwa na watu wa kujitolea hakiaminiki. Mimi naona kinyume chake. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa wazi, ndiyo maana mtu asiye mtunzaji wake aliweza kuufungua na kuusoma. Udhaifu ulikuwa kwa mtu aliyeachwa peke yake na mzigo ambao dunia nzima iliutumia na karibu hakuna aliyeuliza hali yake. Wala sisemi kwamba watunzaji hawakosei. Mwaka 2006 badiliko moja katika kifurushi cha Debian cha OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano na kutengeneza funguo za siri, ambalo halikukaguliwa kwa kina na jicho la pili, lilipunguza ubahatishaji wa funguo za siri kiasi kwamba kwa kila aina ya ufunguo zilibaki funguo elfu thelathini na kitu tu zinazowezekana, na kosa hilo lilitangazwa Mei 2008 baada ya karibu miaka miwili. Hapo pia kilichokosekana ni mtu wa pili.

Nitoe mfano mmoja zaidi, kwa sababu unahusu tarehe ambayo haijafika. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na mifumo ya biti 32 iliyozoeleka, yaani ile ya kompyuta za zamani zenye nafasi ndogo ya kuhifadhi namba, itaishiwa na nafasi ya kuhesabia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Ili kuizuia siku hiyo, watunzaji wa Debian walikubaliana kupanua kihesabu hicho, kazi iliyolazimu mamia ya maktaba za programu, yaani mafungu ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, kubadilishwa na vifurushi vingi vinavyozitegemea kujengwa upya, kwa mpangilio, kwa kuwa ukitangulia kubadilisha kimoja kabla ya mwenzake vyote viwili huharibika. Kazi hiyo ilifanyika hasa mwaka 2024, na matunda yake yamo katika toleo la 13. Sikuona gazeti lolote likiiandika, nami silaumu, maana ajali iliyozuiwa haina picha ya kuchapisha.

Sasa nirudi chumbani kwetu. Katika zile mashine 22, nane ni za zamani za biti 32, na toleo la 13 haliwezi tena kusakinishwa juu yake, kwa sababu usanifu wa i386, ambao ndio wa mashine hizo za biti 32, umeondolewa katika orodha ya mashine zinazohudumiwa kikamilifu. Nilipowaeleza wanafunzi, mmoja aliuliza ni nani aliyetunyima. Nilimjibu kwamba hakuna aliyetunyima. Mashine hizo zimebaki chache huko waliko watunzaji wengi, na kitu kisichoonekana machoni pa mtunzaji hakipati mtunzaji. Mashine za namna hiyo bado ziko katika shule nyingi za wilaya hii na, naamini, katika wilaya nyingine nyingi. Wenye sababu ya kuzijali ni sisi, na sisi hatukuwepo mezani.

Methali yetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumekuwa wageni wa programu huria kwa zaidi ya miaka ishirini. Si kwamba hatukuwahi kushika jembe: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na baadhi ya maneno tunayofundishia leo tuliyazoea kupitia kazi kama ile. Lakini tafsiri ya programu ni kama kifurushi chenyewe. Kila toleo jipya huja na menyu mpya na sentensi mpya, na asipokuwepo mtu wa kuzifuatilia, baada ya miaka michache mtumiaji hukuta nusu ya maneno ni Kiswahili na nusu Kiingereza.

Ninachoomba kwa vyuo vyetu ni kwamba kazi ya kutunza kifurushi ikubaliwe kuwa sehemu ya mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wa kompyuta. Najua pingamizi lililopo, kwamba mradi wa mwaka wa mwisho huisha kwa miezi michache ilhali kifurushi kinahitaji mtu wa miaka. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndiyo maana nashauri mlezi asiwe mwanafunzi mmoja bali idara au klabu, kwa kuwa Debian huruhusu kifurushi kutunzwa na kikundi, ili wanaohitimu wawakabidhi wanaoingia. Asiye mwanachama hazuiwi kuanza: hutayarisha kifurushi, mwanachama akakikagua na kukipandisha kwa niaba yake kama mdhamini. Uanachama kamili ndio unaotaka zaidi, ikiwamo ufunguo wa kidijiti uliothibitishwa na wanachama, jambo ambalo kwa desturi hufanyika kwa kukutana ana kwa ana na kuonyeshana vitambulisho, na kwa mtu wa Same au Kigoma huo ni mlima. Mkutano wao mkuu wa mwaka ulifanyika Cape Town mwaka 2016. Vyuo vyetu vikiandaa hata mikutano midogo, mlima huo utapungua sana.

Kwa waajiri, ombi langu ni dogo zaidi. Fundi wenu anapogundua hitilafu katika programu huria na kuitafutia dawa, mpeni saa mbili za kuiandikia ripoti na kuituma dawa hiyo kwa mtunzaji, badala ya kuiacha ndani ya seva yenu ambako itafutika siku ya kusasisha. Ripoti ya hitilafu ya Debian hutumwa kwa barua pepe ya kawaida, kwa hiyo hata penye intaneti dhaifu kama hapa kwetu inafika.

Toleo la 12, ambalo bado linazikubali zile mashine zetu nane, limepangiwa marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Kabla ya hapo ningependa shule yetu iwe na kifurushi kimoja, hata kiwe kidogo kiasi gani, chenye jina la kikundi chetu ndani yake. Tumeanza na kidato cha tatu, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, kwa kusoma orodha ya vifurushi yatima na kutafuta kimoja tunachokitumia wenyewe. Mwalimu au fundi yeyote wa wilaya za Same, Mwanga na Korogwe anayetaka kuungana nasi na amwandikie mhariri, ambaye jina na anwani yangu anavyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kompyuta,
Same, Kilimanjaro.