Likizo ndefu ni ya watahiniwa, si ya mtoto wa Gredi ya Pili

Mhariri,

Kila Novemba kilio ni kile kile: watoto wamejaa nyumbani, vitabu vimelala, likizo ifupishwe. Wanaolia hivyo wana hoja, ila wengi hawajajiuliza hizo wiki wanazotaka zikatwe zinafanya kazi gani.

Tuchukue kalenda ya shule za Kenya ya 2025. Muhula wa kwanza ulikuwa na wiki 13, wa pili 14, wa tatu 9. Likizo ya Aprili ilikuwa wiki 3, ya Agosti wiki 3, na hii ndefu wiki 10, kuanzia 27 Oktoba hadi 2 Januari. Wiki 36 za masomo ni siku 180. Ukitoa siku nne za mapumziko ya katikati ya muhula pamoja na sikukuu za taifa, unabaki na 170 hivi. Huko Uingereza, ambako nako hawaishi kubishana kuhusu likizo yao ya kiangazi ya wiki sita, mwanafunzi anatarajiwa shuleni siku 190. Kwa hivyo anayesema watoto wetu wanasoma siku chache hajadanganya.

Lakini kwa nini wiki 10? Wengine hudhani ni Krismasi. Sababu ni KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne.

Ingia katika chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Madawati yametenganishwa mita 1.22, na darasa la kawaida la mita 7 kwa 8 linatosha watahiniwa 20 tu. Shule yenye watahiniwa 160 inahitaji vyumba 8, mbali na maabara ambazo hufungwa ili zitayarishwe kwa mitihani ya vitendo. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye msimamizi wa kituo, huamkia makao ya kaunti ndogo kontena la kuhifadhia karatasi za mtihani likifunguliwa, arudi na karatasi za asubuhi, kisha aende tena kuchukua za alasiri. Baadhi ya walimu wake wako shule nyingine wakisimamia. Wanafunzi wa madarasa mengine wakibaki hapo, watakuwa wakifundishwa na nani, wapi?

Karatasi za nadharia za 2025 zilifanywa kuanzia 3 hadi 21 Novemba. Baadaye huja usahihishaji, na hapa ndipo watetezi wa likizo fupi husahau jambo moja dogo: wasahihishaji hulala. Vituo vya kusahihishia ni shule za bweni, na maelfu ya walimu hulala katika vitanda vya wanafunzi na kula katika bwalo lao. Bweni haliwezi kuwa na wenyewe na wageni kwa wakati mmoja.

Je, wiki 10 zinaweza kupunguzwa? Zinaweza, na tumewahi kupima. Baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuliingia kalenda ya haraka. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 2021 ukaisha 4 Machi 2022, na mwaka uliofuata ukaanza 25 Aprili. Hizo ni kama wiki saba. Ndani yake ilifanywa KCSE iliyomalizika 1 Aprili, na matokeo ya watahiniwa 826,807 yakatangazwa 23 Aprili. Linganisha na KCSE ya 2024: watahiniwa 962,512, karatasi ya mwisho mwishoni mwa Novemba, matokeo 9 Januari 2025. Sehemu ya tofauti hiyo ni Krismasi tu. Basi kwa shule za upili, wiki saba ndio mpaka tuliowahi kuufikia. Anayependekeza wiki nne au tano atuambie watahiniwa watakalia nini na wasahihishaji watalala wapi.

Na hata kufika saba kuna gharama. Kalenda ya haraka ilikuwa na mihula minne katika mwaka mmoja, wiki 30 za masomo badala ya zile za kawaida, na likizo za wiki moja hivi kati ya muhula na muhula. Karo ya shule za kitaifa ilipunguzwa kutoka 53,554 hadi 45,054, na ya shule nyingine za bweni kutoka 40,535 hadi 35,035. Wazazi hawakusikia nafuu, kwa sababu mihula ilifuatana upesi kuliko mishahara. Mwishoni mwa 2021 mabweni yakaanza kuteketea mfululizo, na Wizara ikalazimika Novemba hiyo kuwapa wanafunzi mapumziko ya siku chache ambayo hayakuwa kwenye kalenda. Moto una sababu nyingi, lakini mwanafunzi aliyechoka ni kuni kavu.

Ndiyo maana pendekezo la kula wiki moja ya likizo ya Agosti ndilo baya kuliko yote, ingawa ndilo husikika mara nyingi. Agosti huja baada ya muhula wa wiki 14, mrefu kuliko yote, wenye mapumziko ya siku mbili za kazi pekee. Muhula huo ndio wa moto: mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa, nyingi katika muhula wa pili, na 2018 hali ikajirudia. Tena ndio muhula wenye fedha chache zaidi kwa wiki. Karo na mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa upili hugawanywa kwa uwiano wa 50:30:20. Piga hesabu ya karo ya 53,554. Muhula wa kwanza shule inapata 26,777 kwa wiki 13, yaani shilingi 2,060 kwa wiki. Wa pili inapata 16,066 kwa wiki 14, yaani 1,148. Wa tatu 10,711 kwa wiki 9, yaani 1,190. Mwanafunzi ni yule yule, tumbo ni lile lile.

Sasa ongeza wiki moja mwishoni mwa muhula wa tatu katika shule ya bweni ya wanafunzi 600. Githeri ya mchana, kwa kipimo cha gramu 200 za mahindi na 100 za maharagwe kwa kila mmoja, ni kilo 120 na kilo 60 kwa siku. Siku tano, kwa gunia la kilo 90, ni magunia 6 na theluthi mbili ya mahindi, na 3 na theluthi ya maharagwe. Ugali wa jioni kwa siku saba, gramu 225 za unga kila sahani, ni kilo 945, magunia 10 na nusu. Kwa hiyo ni magunia 17 ya mahindi kwa wiki kwa milo hiyo miwili pekee, bila mboga, mafuta, uji wala kuni. Na ni mwisho wa Oktoba, ghala la shule limebaki vumbi. Mahindi yanayopatikana wakati huo ni yale yanayotoka shambani Trans Nzoia na Uasin Gishu, mengi yakiwa hayajakauka kufikia unyevu wa asilimia 13.5 ambao bodi ya nafaka inakubali. Mtunza stoo akiyapanga sakafuni bila mbao za chini, akayafungia ndani, baada ya siku chache yanapata joto na ukungu, na ukungu huo ndio mama wa sumu ya aflatoksini. Wiki moja ya ziada iliyoandikwa kwenye waraka jijini Nairobi huishia hapo.

Nimewasema vya kutosha wa shule za upili. Kinachoudhi ni kwamba mtoto wa Gredi ya Pili anafunga shule siku ile ile na kwa muda ule ule, kwa sababu ya mtihani usiomhusu. Halali bweni. Dawati lake halitumiwi na mtahiniwa wa KCSE. Katika uwanja wake kuna mitihani ya Gredi ya Sita na ya Tisa, KPSEA na KJSEA, ambayo huanza wiki ya mwisho ya Oktoba na kumalizika mwanzo wa Novemba. Baada ya hapo madarasa yanakaa matupu karibu wiki nane, na yeye ndiye anayepoteza zaidi, kwa kuwa kusoma kwake bado hakujashika. Mtoto wa kidato cha tatu akikaa wiki 10 bila kitabu husahau fomula, na atazikuta kwenye daftari. Wa Gredi ya Pili husahau kuunganisha silabi, na hilo haliko kwenye daftari lolote. Mbaya zaidi, Januari anaingia darasa jipya kwa mwalimu mpya asiyejua aliachia wapi, na wiki mbili za kwanza zinakwisha kwa kubahatisha.

Pendekezo langu basi ni kutenganisha kalenda mbili kuanzia Oktoba. Kwa tarehe za 2025 ingekuwa hivi: madarasa ya chini yapumzike 27 Oktoba hadi 7 Novemba ili mitihani ifanywe kwa utulivu, yarudi 10 hadi 21 Novemba, kisha yafunge kwa wiki sita. Gredi ya Sita na ya Tisa wabaki nyumbani, wamemaliza. Shule za upili ziendelee na kalenda yao.

Kitakachoharibika najua. Watoto wengi hawatarudi 10 Novemba, maana mzazi akishaona likizo anawapeleka kwa nyanya. Dawa yake ni ripoti. Ikitolewa 24 Oktoba, mchezo umekwisha. Itolewe 21 Novemba, mkononi mwa mzazi, na tangazo hilo lisomwe mkutano wa wazazi wa muhula wa pili.

Wiki hizo mbili zisiwe za mada mpya. Kwa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu ziwe za kusoma tu, Kiswahili na Kiingereza. Siku mbili za kwanza kila mtoto amsomee mwalimu kifungu kifupi kwa dakika moja, mwalimu ahesabu maneno yaliyosomwa sawa. Kwa darasa la watoto 50, ukiweka dakika mbili kwa kila mmoja pamoja na kuitana na kuketi, ni dakika 100, yaani zaidi ya vipindi vitatu vya dakika 30, kwa hivyo usijaribu kumaliza asubuhi moja. Wagawe katika makundi matatu: wasiotambua silabi, wanaosoma neno moja moja, wanaosoma sentensi. Kosa la kawaida ni kuwaketisha wale wa mwisho mbele kwa sababu wanapendeza kusikiliza. Wa kwanza ndio wakae karibu na mwalimu. Siku ya kumi wapimwe tena, na orodha yenye namba mbili kwa kila jina iachwe ofisini kwa ajili ya mwalimu wa Januari. Ni karatasi moja.

Fedha si kikwazo kama inavyodhaniwa. Mgao wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, kama 39 kwa wiki. Wiki mbili kwa shule ya watoto 600 ni takriban shilingi 47,300. Bila shaka mgao huo huchelewa, hilo ni tatizo la miezi yote. Katika kaunti kame wiki hizo zina faida nyingine: siku kumi za chakula cha mchana shuleni kwa mtoto ambaye nyumbani angekaa bila.

Kuhusu tohara ya wavulana, ambayo jamii nyingi hufanya Desemba, wiki sita zinatosha. Kijana anahitaji mwezi mmoja hivi kupona na kutoka jandoni. Wabukusu wao hutumia Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha Agosti. Wasichana ni habari tofauti. Huko Kuria na kwingineko ukeketaji, ingawa umepigwa marufuku kwa sheria ya 2011, huongezeka likizo hii ndefu, na mwalimu huja kugundua Januari jina likiitwa bila kuitikiwa. Kupunguza wiki nne za pengo hakumalizi tatizo hilo, lakini mwalimu anawaona wote 21 Novemba, kwa jina.

Mvua ya vuli ndiyo itakayotusumbua. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara Garissa na Tana River, na shule ya mtoni haiwezi kulazimishwa kufungua kwa sababu ya tarehe. Kaunti za namna hiyo zipewe ruhusa ya kuamua. Kwingine wiki hizo mbili zinaweza hata kuwa akiba: mwaka 2024 muhula wa pili ulichelewa kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei kwa sababu ya mafuriko, na siku hizo hazikuwa na mahali pa kufidiwa.

Na tusidanganyane kuhusu tuisheni. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza masomo ya likizo, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata hivyo likizo ndefu hujaa “vikundi vya marudio” ambavyo mzazi hulipia kwa siku. Siku kumi zilizo kwenye kalenda hazilipiwi, na mwenye nacho na asiye nacho wanaketi dawati moja.

Wizara ikikubali, tarehe zitoke Aprili. Waraka ukija Oktoba utamkuta mwalimu mkuu amekwisha kugawa mgao wa muhula wa tatu, ameagiza chaki za kufikia tarehe 24, na mlinzi amepewa likizo yake.

Mwalimu,
Machakos