Kaa dirisha la kushoto

Moshi, Jumapili, 24 Novemba 2024

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hayo mengine yaliyofuata baada ya shikamoo kwenye ujumbe wako wa sauti, ya kunigombeza kwa ajili ya baiskeli, nimeyasikiliza mara tatu, dakika nne nzima. Mama yako alikuwa anamenya ndizi za mtori, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Anasema umenisema vilevile ninavyomsema mdogo wako akirudi saa sita za usiku. Nilitaka kukupigia, lakini kwenye simu wewe una haraka na mimi nasahau nilichotaka kusema, tunaishia kuulizana kama mvua imenyesha. Kwa hiyo nimekaa na karatasi. Kaka yako wa Himo anateremka Dar Jumatano, atakuletea. Huyo huyo aliyekupelekea habari, basi na abebe na majibu.

Sitaanza na "dhumuni kubwa la barua hii", maana dhumuni unalijua. Ni kweli. Ile Agosti nilianguka na baiskeli, sikuwa na mafua. Uliponipigia nilikohoa kidogo ili uniamini, na huko kukohoa ndiko kunakonisumbua kuliko kidonda chenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 10. Mimi na wenzangu sita wa baiskeli tulitoka Moshi saa kumi na moja alfajiri, tukanywa chai ya tangawizi Himo kunapambazuka, tukafika Same salama, tukageuza. Tulikuwa tumeshaipita Mwanga, tunashuka kuelekea Kifaru, tumejipanga mstari mmoja, mimi wa tatu. Mbele yetu linakuja lori, nyuma yake basi. Nililiona basi linachungulia. Mara ya kwanza likarudi. Mara ya pili nikajua, kwa sababu dereva hachungulii mara mbili kama hana nia. Likatoka, likaja upande wetu zima zima na taa kamili, ambazo kwa lugha ya barabarani maana yake ni moja tu: nimeshakuja, nipisheni. Muuguzi aliyekuwa anatuongoza akateremka kwenye kokoto kama aliyezaliwa humo. Mwalimu naye akateremka. Mimi nilichelewa kidogo kwa sababu nilikuwa namtazama dereva usoni.

Pale ukingo wa lami umekatika, uko juu ya kokoto kama kiganja hivi. Tairi la mbele likadumbukia, usukani ukageuka, nikaenda chini kwa kiwiko na bega. Lori likapita, vumbi likatufunika, na kitu nilichokisikia kwanza ni gurudumu langu la nyuma linazunguka hewani, tik tik tik, halina habari. Nyuzi saba zahanati, kisha nikarudi Moshi nyuma ya Noah, baiskeli kwenye keria. Ndiyo yote. Mfupa haukuvunjika, na kofia ngumu uliyoninunulia wewe ilipasuka badala ya kitu kingine. Sikukuambia kwamba ninayoivaa sasa ni mpya. Nayo hiyo ilikuwa sehemu ya mafua.

Lipo na jambo ambalo kaka yako halijui. Tarehe 31, siku ya mwisho ya mwezi, nilikwenda tena, mimi na Mwalimu tu, nyuzi zimetolewa wiki moja nyuma. Lilikuwa jambo la kijinga. Jioni kiwiko kilikuwa kimevimba kama embe na mama yako hakunisemesha siku mbili. Usinitetee kwa hilo.

Umeuliza ni nani aliyetutuma na tunalipwa nini. Hakuna aliyetutuma, na tunachopata ni njaa. Yule kijana wa benki ndiye aliyetuletea habari kwamba kuna watu duniani wanaendesha kilomita 200 kwa siku moja, si mashindano, ni kutimiza tu. Utaratibu wake unasimamiwa na klabu moja ya Ufaransa, Audax Club Parisien. Kilomita 200 una saa 13 na nusu. 300 una saa 20, 400 una saa 27, 600 una saa 40. Ukisimama kula, saa haisimami. Tairi likitoboka, saa haisimami. Wa kwanza na wa mwisho wanaandikwa sawa, hakuna kikombe. Kila mmoja anabeba kadi inayogongwa muhuri njiani, kuthibitisha kwamba hakupanda gari. Kilele chao ni kutoka Paris hadi Brest na kurudi Paris, kilomita 1,200 ndani ya saa 90, kila baada ya miaka minne. Usiogope, huko siendi.

Wamarekani nao wakaongeza yao, wanaiita R-12: safari ya kilomita 200 au zaidi kila mwezi, miezi kumi na miwili mfululizo. Ukiruka mwezi mmoja, unaanza moja. Hiyo ndiyo iliyotuvuta sisi saba. Hatujasajiliwa popote. Badala ya kadi tuna daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na muhuri wetu wa Same unagongwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila mwezi anatuuliza kama nauli ndiyo iliyotupungukia.

Tulianza Januari. Siwezi kukusimulia miezi yote, mingine ilikuwa kukanyaga pedali tu na kuhesabu nguzo. Aprili unaikumbuka mvua ilivyokuwa, tulifika Same viatu vimejaa maji na noti za chai tunazianika kwenye jiko la mkaa. Julai ndiyo iliyonifundisha. Upepo ulitoka Same kuja usoni kwetu tangu tulipoiacha Himo, na mimi kwa kiburi cha kuijua ile barabara sikula kitu. Lembeni mwili ukazimika. Si uchovu, uchovu naujua. Ni kama gari lililokauka mafuta: unakanyaga, hakuna kinachojibu. Mikono ikatetemeka, jasho la baridi, nikaanza kumkasirikia Mwalimu bila sababu. Muuguzi akanitazama mara moja, akaniketisha chini ya mgunga, akanipa soda, ndizi mbili na maandazi, akasema, "Kula, baba, halafu ndiyo ugombane." Baada ya robo saa nilikuwa mtu. Siku hizi nakula kila saa, niwe na njaa nisiwe nayo, na kwenye chupa yangu kuna maji, sukari na chumvi kidogo.

Sasa lile swali lako ambalo ulilisema kwa ukali kuliko yote: kwa nini sikuchukua namba za lile basi, mimi niliyekaa nyuma ya usukani wa basi miaka 22.

Namba nilizichukua, mama. Nilikuwa nimelala kwenye kokoto na nilizisoma zote, mazoea hayaishi. Muuguzi alitaka twende kwa trafiki siku ileile. Nikamwambia nitakwenda, na sikwenda. Mama yako sikumwambia sababu mpaka wiki iliyopita. Wewe nakuandikia.

Mwaka 1998 nilikuwa naendesha Dar hadi Moshi, na wewe ulikuwa hujazaliwa. Enzi zile hakukuwa na tochi kila kijiji wala kifaa cha kumsoma dereva mwendo. Tulikuwa tunakimbizana, na abiria walikuwa wanapiga makofi tukimpita mwenzetu. Ilikuwa Lembeni, jua la mchana, nakuja Moshi. Mbele yangu alikuwapo mtu wa baiskeli amebeba gunia la mkaa, limepita kichwa chake kwa urefu. Kutoka upande wa pili lilikuwa linakuja lori. Ningeweza kupunguza. Nafasi ya kupunguza ilikuwapo, siku zote ipo. Nikapiga honi. Kwetu honi ilikuwa ndiyo breki. Nikapita kati yao, na kwenye saiti mira nikaona gunia linakwenda chini polepole, kama mtu anayeketi, na gurudumu moja juu.

Konda akachungulia mlangoni, akasema, "Twende dereva, amenyanyuka."

Nikaenda. Nilimwamini konda kwa sababu nilitaka kumwamini. Basi halikumgusa, hilo najua, lakini sijui kama alinyanyuka. Nimepita pale mara elfu baada ya hapo, kwa kasi ya themanini, na kwa kasi ile huoni kitu, unaona mti, unaona kibanda, umeshafika Mwanga. Kwa baiskeli unapita pale ukiwa na mwendo wa mtu anayepanda mlima. Unaona nani kakaa kibarazani. Unasalimiwa na unalazimika kuitika. Januari nilisimama, nikamwuliza mzee mmoja anayeuza mkaa kama anamkumbuka mtu aliyeanguka pale zamani. Akaniangalia, akasema, "Hapa wameanguka wengi. Wewe unamtafuta yupi?" Nikanunua mkaa wa elfu mbili ambao sikuwa na pa kuubeba, nikamwachia.

Kwa hiyo siku ile nilipolala Kifaru na zile namba kichwani, nilimwona yule dereva usoni. Kijana, mdomo wazi kidogo. Aliogopa kuliko mimi. Na nilijua kabisa konda wake anamwambia nini sasa hivi.

Sisemi nilifanya vema kutokwenda trafiki. Mwalimu ananilaumu mpaka leo, anasema huruma yangu atailipa mwingine, na sina jibu la kumpa. Pengine ni woga tu, wa mtu aliyeogopa kuulizwa ya kwake. Nimekuandikia ulijue, si unikubalie.

Ila kuna kitu nimekibadilisha. Tangu Septemba sikai tena katikati ya mstari. Nakaa wa mwisho. Fundi amenifungia kioo kidogo kwenye usukani, lakini hata bila kioo, basi nalijua kwa mlio kabla halijaonekana. Najua likiwa linapunguza na najua likiwa halina nia hiyo. Lori lililobeba linanguruma chini, lisilobeba linagonga gonga. Nikipaza sauti "Basi!" wanakaa sawa, nikisema "Shuka!" wote saba tuko kwenye kokoto na hakuna anayeuliza. Miaka 22 ya kupiga honi imepata kazi nyingine. Tena Septemba na Oktoba hatukwenda Same kabisa, tulipanda Marangu Mtoni, Mwika, Mkuu, hadi Tarakea. Magari ni machache, ila milima! Rombo hakuna tambarare, ukimaliza kupanda unapumzika kwa kupanda. Tuliporudi Moshi kilomita zilikuwa bado hazijatimia, ikabidi twende hadi Kwa Sadala na kurudi ili zifike 200, watu wanatutazama tunavyolipita geti la nyumbani na kuendelea.

Imebaki Desemba. Tunarudi Same, kwa sababu tulianzia huko na wenzangu wamepiga kura, mimi na Muuguzi tukashindwa. Nimewashawishi jambo moja tu: twende mapema, kabla Wachaga hawajaanza kuja kula Krismasi. Ikifika tarehe 20 barabara ile ni mto wa magari, wengi wao wanaendesha masafa mara moja kwa mwaka, na hao wananitisha kuliko basi. Kwa hiyo ni Jumamosi ya tarehe 14.

Ndiyo, siku yako ya kusafiri. Nilipoambiwa umekata tiketi ya tarehe hiyo nilinyamaza, nikidhani nitaona la kusema. Sikuliona. Sitakuwapo stendi kukupokea, atakuja mdogo wako na mama. Mimi nitaingia nyumbani saa kumi na mbili jioni, nikijaliwa, na usinisubiri kula.

Ukipita Kariakoo niletee tyubu nne. Andika mahali: 700 kwa 32, mdomo wa kujazia upepo mwembamba, mrefu. Si ule mnene wa gari, hata muuzaji akikuapia kwamba unaingia. Hauingii.

Na kwenye basi, omba wakubadilishie kiti. Kaa dirisha la kushoto, upande wa mlango. Mkitoka Dar saa kumi na mbili asubuhi, kwenye saa tisa mchana mtakuwa mmeshaipita Mwanga, na sisi tutakuwa hapohapo mbele yenu tunakwenda Himo. Kabla hamjafika Kifaru nenda kakae karibu na dereva, umsalimie kwa adabu, kazi yake ni ngumu. Mwambie mbele kuna watu saba wa baiskeli, fulana za njano, na kama kuna gari linakuja asubiri kidogo, lipite. Wa mwisho ndiye mimi. Nitakuwa nimeshakusikieni zamani.

Baba yako