Harambee ya Chumba cha Ushauri, na Leso kwa Walimu na Askari Wetu

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na salamu kwa wote mliosoma au mnaosomesha watoto katika shule yetu hapa Kisauni, Mombasa. Salamu pia kwenu mlioko Nairobi, Muscat, Doha na kwingineko, ambao kila Idi na kila Krismasi mnapiga simu kuuliza shule inaendeleaje.

Tunawaandikia kuomba shilingi 600,000. Wazazi tulio hapa tumeshatoa 142,000, kwa hiyo zimebaki 458,000. Nitaeleza zinakwenda wapi, lakini kwanza nataka muwajue watu waliotufanya tuitishe harambee hii.

Kengele ya saa sita na nusu inapogonga, koplo wa kituo chetu cha polisi huwa ameshafika chini ya mwarobaini ulio mkabala na lango. Amevaa sare, filimbi shingoni, chupa ya maji mkononi. Habanduki mpaka mtoto wa mwisho arudi darasani. Mwaka juzi chini ya mwarobaini ule palikuwa na meza ya peremende na kashata. Ndani ya sanduku lililokuwa chini ya meza palikuwa na misokoto ya bangi na vidonge ambavyo vijana wanaviita bugizi, na wanunuzi walikuwa watoto wetu tuliowapa hela ya chakula. Koplo hakuja na gari wala vurugu. Siku ya kwanza alikuja akasimama. Siku ya pili akasimama tena, akawauliza watoto hali na timu wanazoshabikia. Wiki ya tatu meza ilihama, na mwenye meza akakamatwa huko alikohamia, mbali na macho ya watoto.

Ndani ya lango yupo mwalimu wetu wa ushauri nasaha. Anafundisha Sayansi, vipindi vimejaa kama vya wenzake. Kazi ya ushauri aliongezewa tu, mshahara ukabaki ule ule. Ofisi yake ni stoo ya vitabu vya mtaala wa zamani. Haina mlango, imewekwa pazia, na ukuta wake haufiki juu, kwa hiyo mtoto akilia stoo anasikika Gredi ya 5. Mezani kuna kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko. Watoto hutumbukiza humo vikaratasi visivyo na majina, wakiuliza wasiloweza kuuliza mbele ya watu. Alinisomea kimoja tu, kisichoweza kumtambulisha aliyekiandika. Kimeandikwa kwa penseli, herufi zimekandamizwa hadi karatasi ikataka kutoboka: “Mwalimu, mjomba akivuta chumbani mimi nikalale wapi?”

Mwalimu hakulijibu swali lile paredini. Alipita darasa kwa darasa akasema kwamba yeyote mwenye shida ya pa kulala amwone wakati wa mapumziko, kisha akangoja. Siku ya tano mtoto akaja. Jioni ile ile mwalimu alipanda tuktuk kwa nauli yake hadi kwa bibi wa mtoto, wakazungumza mpaka isha. Sasa mtoto analala kwa bibi. Mjomba bado anavuta, na mwalimu hajaacha kwenda kumwona.

Nisameheni nikisema la kwangu. Kaka yangu mkubwa alifukuzwa shule akiwa kidato cha pili, baada ya kukutwa na msokoto mfukoni. Barua yake ilikuwa na mistari mitatu. Mama aliipokea mlangoni, akaikunja ndogo kabisa, akaifunga kwenye pindo la leso kama mtu anayeficha pesa. Tangu siku hiyo kaka alishinda maskani, na maskani kulikuwa na unga, yaani heroini. Miaka sita baadaye tulimzika. Sitasema shule ile ndiyo iliyomuua. Ila hapakuwa na mtu mzima hata mmoja, nyumbani wala shuleni, aliyeketi naye akamuuliza alianzaje, na mimi mwenyewe niliyekuwa namwonea haya sikuuliza.

Ndiyo sababu yaliyotokea shuleni kwetu mwaka jana sijayasahau. Mvulana wa Gredi ya 8 alikutwa na bangi kwenye soksi. Wazazi wengi, tuseme kweli, walitaka aondolewe siku hiyo hiyo. Naibu mwalimu mkuu alimpigia simu mama yake, mwalimu wa ushauri na koplo. Wakaketi wote wanne na kijana kwenye ile stoo. Koplo ndiye aliyeeleza kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inatoa njia ya kumwelekeza mtoto kwenye ushauri badala ya kumfikisha mahakamani. Wakaandikiana: kijana atamwona mwalimu kila Jumatano, jioni atacheza mpira chini ya koplo, na mama atakuja kila wiki mbili. Mwezi wa tatu alirudia. Wakaketi tena. Leo yuko Gredi ya 9, anasaidia kuwafundisha makipa wadogo, na hajui kwamba mimi huwa nasimama mbali nikimtazama.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa unga ni nini. Tumeishi nao tangu miaka ya 1980. Tumewaona vijana wakishikwa na arosto, yale maumivu ya kuikosa dawa, vibarazani, na sasa angalau tuna vituo vya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Malindi, Kisauni na Kombani kwa waliokwisha kuzama. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi nje ya mwambao wetu likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Kuzuia shehena kama ile ni kazi ya mataifa. Lakini kinachofika kwenye lango la shule huja mfukoni mwa kijana wa mtaa tunayemjua na jina la mama yake, na mara nyingi hakianzi kwa unga. Huanza kwa kijifuko cha muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, kwa sigara inayouzwa moja moja, kwa kubandika kuber, tumbaku isiyovutwa, chini ya mdomo. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mambo yaliishia mahakamani ndani ya siku chache. Hatuwezi kungoja mawakili wamalizane ndipo tuanze kuzungumza na watoto.

Na namna ya kuzungumza nao ni jambo zito kuliko tunavyodhani. Mazoea yetu ni kumwita mgeni rasmi, awakusanye watoto mia nane juani, awatishe, awaonyeshe picha za kutisha, aondoke. Marekani walifanya hivyo kwa mpango mkubwa zaidi. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianzisha mradi wa D.A.R.E., askari wakiingia madarasani kufundisha juu ya dawa za kulevya, ukaenea nchi nzima. Watafiti walipofuatilia wanafunzi hao miaka kadhaa baadaye, hawakuona tofauti ya maana kati yao na wengine, na mradi wenyewe ukabidi ubadilishe masomo yake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kinga dhidi ya dawa za kulevya, iliyotolewa 2013 na kurekebishwa 2018, inasema jambo hilo hilo: vitisho na hotuba peke yake havimkingi mtoto. Kinachosaidia ni mazoezi ya darasani ambayo mtoto anajifunza kukataa, kutuliza hasira, kuomba msaada. Ni wazazi wanaojua kulea. Ni shule ambayo mtoto anahisi anajulikana.

Nawaeleza haya ili muelewe kwa nini tunawatunuku watu hawa hasa. Koplo hajawahi kutoa hotuba shuleni kwetu. Amesimama chini ya mwarobaini, amefunza mpira, amekaa stooni mara mbili na mtoto mmoja. Mwalimu hana picha za kutisha ukutani. Ana kopo.

Tutawatunuku watu saba: mwalimu wa ushauri, naibu mwalimu mkuu, walimu watatu wa madarasa waliojitolea kukaa na watoto baada ya masomo, koplo, na konstebo wa dawati la jinsia na watoto ambaye mara mbili amempokea mtoto wetu usiku akamfikisha mahali salama. Majina yao yatatajwa siku yenyewe. Hatuyaandiki hapa kwa sababu wauzaji nao wanasoma.

Wapo walioniuliza, baadhi kwa uchungu mkubwa, kwa nini tunamheshimu askari katika mtaa ambao vijana wakiona sare hukimbia hata kama hawana kosa. Swali hilo ni la haki. Nami nina mwana wa miaka kumi na tisa, na akichelewa usiku silali. Lakini tukikaa kimya juu ya askari anayefanya vizuri, wale wachanga wanaomtazama watajifunza nini? Nimewaona watoto wa Gredi ya 4 wakimkimbilia koplo kumwonyesha jino lililong'oka. Kisauni! Jambo hilo nilikuwa sijaliona maishani mwangu.

Hapatakuwa na bahasha, na hili kamati imekubaliana bila kupinga mtu. Hawa ni watumishi wa umma, sheria ya maadili yao iko wazi, na mkono uliopewa pesa unaweza kusemwa vibaya kesho. Kila mmoja atapewa cheti kilichoandikwa kwa mkono na wanafunzi. Walimu wa kike na konstebo watatandwa leso, wanaume watapewa vikoi. Jina la leso walichagua watoto wenyewe kwa kura: “Mkono mmoja haulei mwana.” Siku nzima, pamoja na viti, vyeti na chakula, imetengewa shilingi 50,000.

Pesa nyingine zote ni za kazi yao, maana tumewaacha waibebe kwa mifuko yao muda mrefu mno. Shilingi 285,000 ni za chumba cha ushauri: kuinua ukuta wa ile stoo hadi kwenye paa, kuweka dari, mlango wenye kitasa, dirisha, viti vinne na kabati la kufungwa kwa ufunguo. Fundi ameshapima na hesabu yake imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ningeomba mlikumbuke hilo kuliko yote mengine, kwa sababu mtoto hawezi kusema siri nyuma ya pazia. Mafunzo ya walimu kumi na wawili, na Jumamosi sita za wazazi kujifunza dalili za kuangalia na namna ya kumuuliza mtoto bila kumpiga, ni 120,000. Mipira, jezi, nyavu na taa mbili za uwanjani ni 85,000. Zilizobaki, 60,000, ni nauli ya mwaka mzima ya kuwatembelea watoto majumbani. Mwalimu alipoulizwa ametumia kiasi gani mpaka sasa, alicheka akasema hakuwahi kuandika.

Jambo moja limetuharakisha. Koplo amepata barua ya uhamisho, anaondoka Julai kwenda kaunti nyingine. Mkuu wa kituo ametuahidi kwamba atakayekuja ataletwa shuleni atambulishwe, na tunataka amkute mwenzake akishukuriwa hadharani, ajue anapokea kazi ya namna gani.

Harambee itakuwa Jumamosi tarehe 20 Juni, kuanzia saa tatu asubuhi, uwanjani kwetu. Shughuli ya heshima ni Ijumaa tarehe 26 Juni, siku ambayo tangu azimio la 1987 Umoja wa Mataifa umeitenga kwa vita dhidi ya dawa za kulevya. Tutaanza saa mbili ili tumalize mapema kabla ya swala ya Ijumaa.

Kadi za mchango wanazo walimu wa madarasa, imamu na mchungaji wa mtaa, na mweka hazina wa kamati. Nambari ya akaunti ya shule imechapishwa kwenye kadi yenyewe. Tafadhali usitume pesa kwa simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kwa jina langu. Kila mchango una risiti, na orodha itabandikwa kila Ijumaa, ya elfu hamsini na ya shilingi hamsini kwenye karatasi moja. Asiye na pesa alete simiti, mbao, au siku moja ya ufundi. Shangazi zetu wawili tayari wameahidi kupika mbaazi na mahamri ya siku zote mbili, na wanaomba yeyote mwenye sufuria kubwa awaazime.

Na kama unasoma haya ukiwa na mtoto ambaye ameshaanza, usingoje harambee. Piga 1192, laini isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au 116 ya watoto, au njoo stooni siku yoyote ya shule baada ya saa tisa. Pazia ni la buluu. Mwalimu yupo.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Wazazi