Kambi ya mahema ya Wami: usipange kabla ya kutazama mwezi

Bagamoyo

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako nimeipata, na naona bei ya kitanda ndiyo inayokukosesha usingizi. Hiyo iache kwanza. Kambi mnazozifikiria ziko mto Wami unapoingia baharini, ndani ya hifadhi ya Saadani au jirani yake, na pale kila kitu kinafuata maji. Swali la kwanza ni moja: mnakwenda kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, au kwenye maji mafu, yale madogo ya katikati yake?

Wewe mtu wa Tanga, hesabu hii huhitaji kufundishwa. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa itie hesabu hiyo kwenye safari ya boti, ambayo kwa kweli ndiyo sababu ya kulala pale. Uzuri wa mto ni alasiri, jua limepoa, yangeyange wanarudi kulala mikokoni na mbega wanashuka matawi ya chini. Siku za bamvua boti huondoka saa nane na nusu maji yakipanda, huingia hata vijito vyembamba, na hurudi kabla ya magharibi maji yangali mengi. Siku za maji mafu ni kinyume: saa kumi jioni ndipo yanapokuwa yamekupwa. Boti huweza kukwama kwenye tope, na hapo mtangoja bahari irudi huku giza linaingia na viboko wanaanza kutoka. Wiki hiyo dai boti ya asubuhi, saa mbili hadi saa tano. Mwenye kambi akikujibu kwamba boti ipo saa kumi jioni siku zote, uliza kambi nyingine.

Bamvua nalo lina ubaya wake. Milima ya Ukaguru na Nguru ndiyo inayoulisha mto huu, kwa hiyo maji mekundu yanaweza kufika pwani wakati Bagamoyo haijadondoka tone. Yakikutana na bamvua yanakosa pa kwenda, yanapanda ukingo. Omba hema lililo juu ya jukwaa la mbao, tena si lile la mwisho karibu na mto, hata kama ndilo wanalolisifia. Aprili na Mei msije kabisa: udongo mweusi wa Saadani ukilowa hunasa hata gari la magurudumu manne, na kambi nyingi hufungwa.

Hema lenyewe likague mkifika, kabla mizigo haijashuka. Liwe na paa mbili, la juu likiachana na la ndani kwa kiasi cha shibiri, upepo upite kati. Turubai mbili zikigusana, mvua huvuja hapo hapo zinapogusana. Kwa hiyo watoto wasiegemeze mabegi ukutani. Kisha jaribu zipu zote, za mlango na za madirisha. Chumvi huzila mapema kuliko kitu kingine chochote. Zipu ikikataa usiivute kwa nguvu, ipake mshumaa. Usiku ifungwe hadi chini kabisa kwa ajili ya nyoka, na mchana ifungwe kwa kamba, maana nyani wanajua kufungua. Mkienda wakati wa upepo wa kusi, mlango usitazame kusini, la sivyo mtalala na kelele za turubai hadi asubuhi.

Najua utataka kubeba machungwa ya Muheza. Beba, lakini yaende jikoni moja kwa moja. Ndani ya hema lisibaki hata ganda. Tembo hufuata harufu ya matunda, na turubai kwake si kizuizi. Kwenye gari pia yasilale.

Maji ya kuoga ni ndoo ya lita 20 inayotundikwa nyuma ya hema. Agiza nusu saa kabla, na muoge kabla ya magharibi. Lowana, funga, jisugue, fungua. Kambi zilizo karibu sana na bahari maji yake yana chumvi kidogo, povu halitoki, kwa hiyo omba ndoo ya pili ya kusuuzia. Umeme ni wa jua. Simu huchajiwa mchana kwenye hema la kulia chakula. Pasi na birika la umeme viache Tanga, vinavuta kuliko mtambo unavyoweza na kambi nzima itabaki gizani.

Viboko hutoka majini jioni kula nyasi na kurudi kabla hakujapambazuka. Njia yao utaijua: mifereji miwili yenye tuta katikati. Msikae juu yake, wala msisimame kati ya kiboko na mto, hata mchana. Baada ya giza hakuna kutoka bila askari wa kambi, hata hatua kumi. Uliza kama choo kimeungana na hema, na kama hakijaungana wachukulie watoto kopo. Mkisikia kiboko anatafuna nje, nyamazeni na msimulike tochi. Ukingoni mwa maji watoto wasichezee: mamba haonekani. Ndani ya boti, mikono ndani, na jaketi okozi za kimo cha watoto ziulizwe kabla ya kulipa.

Baibui jeusi na kaniki havifai porini, mbung'o hupenda rangi nyeusi na buluu, na kanga nyepesi anaidunga bila taabu. Vaeni rangi ya udongo, kitambaa kizito. Neti ni lazima, maana pwani hii yuko mbu wa malaria anayezaliana hata kwenye maji ya chumvi chumvi. Usubi wa mikokoni hupenya neti ya kawaida. Dawa yake ni mikono mirefu na soksi saa ya magharibi.

Mkishuka kwa Pangani jazeni mafuta huko huko, na muulize hali ya kivuko siku moja kabla. Tangu Saadani iwe hifadhi ya taifa mwaka 2005, ada ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa: hulipwa kwa simu au kadi, si noti, na kibali huhesabiwa saa 24. Mkiingia saa nane mchana, toka kesho kabla ya saa nane. Kama kambi iko nje ya mpaka, lipieni siku ya kuingia hifadhini tu. Shemeji asisahau vitambulisho vya taifa vya NIDA, bila hivyo mtatozwa kama wageni. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi nchini tangu Juni 2019, pakieni kwenye vikapu.

Nitumie tarehe mbili mnazoziweza, nikutazamie mwezi.

Ni mimi shogayo