Mwambie fundi matundu matatu

Swahiba Salim,

Salaam nyingi. Maadamu fundi wa vioo hajaunganisha tangi lako la samaki, mwambie atoboe matundu matatu kwenye kioo cha nyuma, yote katika mstari mmoja karibu na ukingo wa juu. Ni ya mabomba yanayotoa maji kwenye kisanduku chenye meno ndani ya tangi, hadi tangi la chini ambako pampu huyarudisha juu. Kutoboa kioo kikiwa kimelala mezani ni kazi nyepesi. Kikishagundishwa, ni kubahatisha.

Kwa nini matatu? Bomba moja la mtindo wa Durso hubeba maji na hewa pamoja, na pampu ikizidi nguvu kidogo tu, linaguguma usiku kucha. Baya zaidi, konokono mmoja akiziba mdomo wake, maji hayana njia nyingine. Mawili, mtindo wa Herbie, ni bora: la kwanza hujaa maji tupu bila hewa na hubanwa kwa koki, la pili hukaa kavu kusubiri dharura. Mtindo huu uko kimya. Tatizo ni kwamba koki ile umeipima kwa mwendo mmoja wa pampu. Pampu ikishika uchafu mwendo unapungua, maji ya kisandukuni yanashuka, bomba linaanza kuvuta hewa, nawe unarudi kwenye koki kila mara. Mtindo wa BeanAnimal huongeza bomba la kati linalomeza tofauti hiyo lenyewe. Vile visanduku vya kuning'iniza vyenye bomba lililopinda juu ya ukingo, achana navyo kabisa. Hewa hujikusanya kwenye kona ya juu, mvuto unakatika, na umeme ukirudi pampu inamwaga maji sebuleni.

Nunua kwanza tenki konekta (viungo vya kupitisha bomba kwenye kioo) tatu za inchi moja, za plastiki, uzipime, ndipo fundi achague biti ya almasi. Matundu yanayohitajiwa na konekta hizo hayalingani kati ya kiwanda na kiwanda. Kati ya tundu na tundu, na kutoka tundu hadi ukingo, ubaki upana usiopungua wa tundu lenyewe. Biti izunguke polepole, maji yakimwagikia, bila kuikandamiza. Hakikisha pia kioo si kile kilichopikwa kuongezwa ugumu, maana hicho hakitoboleki: kinasambaratika chote. Mpira wa konekta ukae upande wa maji, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko, usipake silikoni.

Ndani ya kisanduku, mabomba mawili ya kwanza yawe na elbo (viungo vilivyopinda) zinazotazama chini. La tatu, la dharura, elbo yake itazame juu, mdomo ukiwa sentimita 2 au 3 juu ya maji ya kawaida. Nje, nyuma ya tangi, kila bomba lipitie tii, kiungo cha njia tatu. Tii ya bomba la kwanza izibwe kabisa. Ya la pili ifunikwe kifuniko chenye tundu dogo, uchomeke mpira mwembamba wa hewa ambao ncha yake inaingia kisandukuni, juu kidogo ya maji ya kawaida. La kwanza likiziba, maji yanapanda, yanafunika ncha hiyo, hewa inakosekana, na bomba la pili linaanza kuvuta kwa nguvu zote.

Koki iwe ya geti, ile ya kuzungusha mara nyingi, iwekwe kwenye bomba la kwanza tu. Ya tufe, ya kugeuza robo mzunguko, ni ngumu kupima kidogo kidogo. Epuka ya shaba nyeupe au nyekundu ikiwa utafuga uduvi. Mwisho wa bomba la kwanza uzame kwenye tangi la chini sentimita 2 au 3, si zaidi: ukizama sana hewa haitoki, na baada ya umeme kukatika bomba halishiki tena. Hapa ndipo wengi hukwama na kulaumu koki. La dharura liishie juu ya maji, ili likianza kumwaga ulisikie.

Sasa hesabu. Tangi lako la 120 kwa 50 lina lita 6 kwa kila sentimita ya kina. Umeme ukikatika, maji hushuka hadi chini ya meno ya kisanduku, tuseme sentimita 2: lita 12. Ongeza kisanduku na mabomba, fanya 18. Tangi la chini la 75 kwa 35 hupanda kama sentimita 7 kwa lita hizo, basi acha sentimita 10 tupu. Mdomo wa bomba la kurudisha uwe karibu na uso wa maji, usitegemee valvu ya kuzuia kurudi nyuma; ikiingiwa na uchafu kidogo tu hushindwa kufunga. Na chumba cha pampu kiwe kidogo: hata mabomba yote yakiziba, maji yake yaenee juu bila kufurika.

Mwendo wa pampu upime kwa ndoo. Lita 10 kwa sekunde 24 ni lita 1,500 kwa saa, inakutosha. Kisha jaribu kabla samaki hawajaingia: ziba bomba la kwanza kwa kiganja, halafu la pili, uone la tatu linabeba yote peke yake. Zima umeme, washa, mara kadhaa. Bomba la kwanza litoe mapovu dakika moja au mbili, kisha linyamaze.

Nitumie vipimo vya konekta kabla fundi hajawasha keke ya kutobolea. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Hamisi